Tuliahidiwa dola 6,900 za kodi, sasa mume wangu anataka tubadilishe tarehe

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Brooklyn Park, Minnesota. Mimi ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee, zamu za usiku, na mume wangu yuko ghala. Tuna watoto wawili, wa miaka tisa na sita. Mwaka jana tuliingiza kama dola 78,000 kwa pamoja. Nyumba tuliyonunua ni ya miaka ya sabini na kila kipupwe inatumaliza kwa bili. Chumba cha watoto, ukipitisha mkono pembeni ya dirisha unausikia upepo, na asubuhi za Januari kioo kilikuwa kinaganda barafu kwa ndani.

Oktoba tulimlipa mkaguzi wa nishati dola 300. Alifunga feni kubwa mlangoni, akapima nyumba inavyovuja, akatuachia ripoti yenye sahihi yake. Novemba akagonga mlango kijana wa kampuni ya mafundi. Akasema nafuu ya kodi kwa wanaoboresha nyumba inafutwa mwisho wa mwaka, tukichelewa imetupita. Akapiga hesabu mezani kwetu: pampu ya joto, yaani mashine ya umeme ya kupasha nyumba joto, dola 12,400, sufi ya kuzuia baridi darini dola 3,000, madirisha dola 7,600, jumla 23,000. "Asilimia 30 serikali inawarudishia. Hiyo ni dola 6,900." Tulisaini mkopo jioni ileile.

Pampu ilifungwa tarehe 11 Desemba, na sufi wiki hiyohiyo. Ankara ya sufi inaonyesha vifaa dola 1,300 na kazi dola 1,700. Madirisha tulilipa nusu Desemba, lakini yalichelewa kiwandani, yakafungwa tarehe 20 Januari mwaka huu.

Shangazi, mume wangu alikwisha kumpigia mama yake Musoma na kumwambia kwamba pesa za kodi zikitoka anaezeka nyumba yake yote kwa bati jipya kabla ya masika. Mama mkwe amewaambia majirani, na fundi ameshachukua vipimo.

Juzi tulikwenda kwa binamu wa mume wangu, ambaye ndiye hututengenezea ritani, ile fomu ya kodi ya kila mwaka. Akasema madirisha ya Januari hayaingii, ila tuandike Desemba, maana malipo ya kwanza yalikuwa Desemba na risiti ipo, nani atakuja kuuliza? Yeye huwa hasaini kwenye ritani. Anasema ritani ni yetu. Mume wangu amekubali. Mimi nimesema tusubiri, na tangu siku hiyo hatuongei vizuri ndani ya nyumba. Ananiambia namzuia asimsaidie mama yake. Na mwaka huu nilipanga kuomba uraia.

Je, hizo dola 6,900 ni zetu kweli? Na nikisaini tu yaishe, kuna ubaya gani?

Mama wa wawili, Brooklyn Park

*

Marahaba mwanangu. Usisaini ritani hiyo. Lakini usilale na hofu pia, kwa sababu kuna pesa zenu halali hapo, si haba, na hakuna anayeweza kuwanyang'anya mkiziomba kwa tarehe zake za kweli.

Nianze na huyo kijana aliyegonga mlango, kwa sababu kila kitu kimeanzia mezani pale. Kuhusu mwisho wa mwaka alisema kweli. Nafuu hii ilipanuliwa na sheria ya Agosti 2022, ikawa asilimia 30 kuanzia mwaka wa kodi wa 2023, na ilikusudiwa kudumu hadi 2032. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 ikaikata: kifaa kikianza kutumika baada ya tarehe 31 Desemba 2025, hakihesabiwi. Kilichotazamwa ni siku kifaa kilipofungwa kikaanza kufanya kazi. Siku ya kuagiza haihesabiki, wala siku ya kutoa malipo ya awali. Hilo hakuwaambia, na ndilo lililowaangusha kwenye madirisha.

La pili ambalo hakuwaambia ni kwamba asilimia 30 ina dari yake, na kila kitu kina dari tofauti. Pampu ya joto inaishia dola 2,000 kwa mwaka hata ingegharimu dola 40,000. Vitu vingine vyote, yaani sufi, madirisha, milango na ukaguzi, vikijumlishwa pamoja haviwezi kupita dola 1,200. Na ndani ya hizo 1,200, madirisha yote ya nyumba kwa mwaka mzima mwisho wake ni dola 600. Halafu kwa sufi na madirisha gharama ya mafundi haiingii kabisa, ni vifaa tu. Kwa pampu ya joto kazi ya mafundi inaingia.

Sasa tufanye hesabu yenu. Pampu: asilimia 30 ya 12,400 ni 3,720, inakatwa kuwa 2,000. Sufi: asilimia 30 ya vifaa vya dola 1,300 ni 390. Mkaguzi wa Oktoba, ambaye hata kwenye hesabu za kijana hakuwemo, anawapa asilimia 30 ya 300, yaani dola 90. Mwisho wa ukaguzi ni 150, kwa hiyo mmo ndani, mradi alikuwa mkaguzi mwenye cheti na ripoti yake ya maandishi mnayo. Jumla ni dola 2,480. Madirisha ni sifuri.

Najua kutoka 6,900 hadi 2,480 ni mbali. Lakini nataka mkae wote wawili, wewe na mumeo, muitazame namba moja. Tuseme madirisha yangefungwa kweli tarehe 30 Desemba. Mngepata nini zaidi? Si asilimia 30 ya 7,600. Dari ni dola 600, na hata hizo ni kama madirisha yenyewe yamo kwenye daraja la juu kabisa la Energy Star, alama ya serikali kwa vifaa vinavyookoa nishati. Kwa hiyo uongo ambao binamu anataka muuandike, ambao umewafanya msiongee ndani ya nyumba, thamani yake yote ni dola 600. Haurudishi 6,900. Zile 6,900 hazikuwapo hata siku moja, hata kwa tarehe ya uongo.

Na kwa hizo 600, angalia mnaweka nini rehani. Mkipeleka ritani ya pamoja kama mke na mume, kila mmoja anabeba mzigo wote. IRS, idara ya kodi ya Marekani, ikigundua, inaweza kukudai wewe peke yako kila senti, hata kama wazo halikuwa lako. Kodi iliyopungua kwa uzembe inaongezewa faini ya asilimia 20. Ikithibitika ni udanganyifu wa makusudi, faini ni asilimia 75. Kwa kawaida wana miaka mitatu ya kuwafuata, lakini ritani ya udanganyifu haina ukomo wa miaka. Na usidhani tarehe iko mikononi mwenu tu. Ipo kwenye ankara ya mwisho ya kampuni, na kwenye daftari la fundi aliyeyafunga. Kama mji ulitoa kibali cha kazi hiyo, ipo na kwenye kibali.

Halafu uraia wako. Fomu ya maombi inauliza juu ya kodi, na ofisa anapima mwenendo wako kwa miaka ya nyuma. Chini ya ritani kuna maneno kwamba unasaini kwa kiapo, na uongo ni kosa la jinai. Mtu anayekaribia kuapa kuwa raia hasaini kiapo cha uongo miezi michache kabla, mwanangu. Hili hata kama lingekuwa la dola 6,000 ningekujibu vilevile.

Kuhusu huyo shemeji yako. Sisemi ni mtu mbaya. Wengi wetu huku tumeanza kwa mtu wa nyumbani anayejua Kiingereza cha fomu, na wengine wametusaidia sana. Lakini sheria ya hapa inamtaka kila anayetengeneza ritani kwa malipo awe na namba ya IRS iitwayo PTIN, aandike namba hiyo na asaini kwenye ritani. Asiyesaini ni ishara mbaya, na IRS yenyewe huwaonya watu wajihadhari na watengenezaji wa namna hiyo. Anaposema "ritani ni yenu" anasema kweli, ila maana yake ni kwamba siku barua ikija, jina lake halimo. Kama mnamlipa, mwambieni mwaka huu asaini, na tarehe ziwe za kweli. Akikataa, kwa kipato chenu mnaweza kutumia Free File ya IRS bila kulipa chochote. Programu inawauliza maswali, mnajibu, inajaza yenyewe Fomu 5695, ambayo ndiyo ya nafuu hii. Wewe unayeandika taarifa za wagonjwa kila usiku, hii haitakushinda.

Kuna kitu kimoja mtahitaji kabla hamjakaa kujaza. Kwa vifaa vilivyofungwa mwaka 2025, fomu inataka namba ya utambulisho ya mtengenezaji wa kifaa, herufi na tarakimu nne. Sufi haihitaji, pampu inahitaji. Piga simu kampuni iliyofunga, uwaombe namba hiyo na cheti cha mtengenezaji kinachoonyesha kwamba pampu yenu imo kwenye daraja linalokubaliwa. Fanya hili kwanza kabla ya yote. Si kila pampu ya joto inahesabika, na kama yenu haimo, ile 2,000 haipo. Ni afadhali mjue leo kuliko baada ya kupeleka ritani. Wakiwazungusha, nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa jina la modeli lililobandikwa ubavuni mwa kifaa cha nje.

Sasa neno "kurudishiwa", ambalo limewapoteza watu wengi. Nafuu hii inapunguza kodi mnayodaiwa. Asiyedaiwa kodi ya mapato hapati hata senti moja, na kinachozidi hakibebwi kwenda mwaka mwingine. Nawaambia wasomaji wengine hili kwa uchungu, maana nina barua za familia za watoto wanne, mshahara mmoja wa dola 30,000, waliochukua mikopo kwa ajili ya nafuu hii na kodi yao ilikuwa sifuri tangu mwanzo.

Ninyi hampo huko. Kwa dola 78,000 mkiwa ritani ya pamoja, mnatoa makato ya kawaida ya 31,500, yaani sehemu ya mapato isiyotozwa kodi, zinabaki 46,500, na kodi yake inakuja kama dola 5,100. Katika mpangilio wa fomu, nafuu ya nyumba inakatwa kabla ya nafuu ya watoto. Kwa hiyo mnaondoa 2,480, inabaki kodi ya kama 2,620. Halafu inaingia nafuu ya watoto, dola 2,200 kwa kila mtoto, jumla 4,400. Inafuta hiyo 2,620 yote, na kile kinachobaki, kama dola 1,780, kinalipwa kwenu taslimu, kwa sababu sehemu ya nafuu ya watoto hulipwa hata kodi ikiisha. Maana yake watoto hawaimezi nafuu ya nyumba. Zote mbili mnazipata kamili. Na kodi yote ya mapato ya serikali kuu iliyokatwa kwenye mishahara yenu mwaka jana inarudi juu yake. Hesabu yenu halisi itatofautiana kidogo kutegemea saa za ziada na mambo mengine, lakini 2,480 hiyo mtaiona yote.

Kwa hiyo mumeo hana mikono mitupu mbele ya mama yake. Hapa ndipo nataka nikae nanyi kidogo, kwa sababu naona ugomvi wenu hauhusu IRS. Unahusu simu iliyokwisha kupigwa Musoma.

Mwanangu, usimwambie mumeo "nilikuambia". Yeye aliamini namba aliyopewa mezani kwake na mtu mwenye fulana ya kampuni, na akafanya ambalo mtoto yeyote mwema angelifanya, alimkumbuka mama. Mwambie hivyo kwanza. Halafu mpe karatasi yenye hesabu hii, aisome mwenyewe, aone kwamba ugomvi ni wa dola 600 na kwamba jina lako na uraia wako viko upande wa pili. Sidhani atachagua 600.

Simu ya pili aipige yeye, si wewe. Ukipiga wewe, Musoma itasikika kwamba mkwe ndiye aliyezuia bati. Aseme wazi: "Mama, pesa imekuja pungufu, si kama nilivyoahidi. Mwaka huu tunaanza na upande unaovuja." Fundi ameshachukua vipimo, basi amuulize bei ya upande mmoja na ya nyumba nzima, atume kwa fundi au muuza bati moja kwa moja, na kiasi hicho mkikubaliane ninyi wawili kabla simu haijapigwa. Mama aliyekwisha kuwaambia majirani ataona haya kwa siku mbili tatu. Paa likianza kupigwa nyundo, hayo yatapita. Kisichopita kirahisi ni mwana aliyeahidi, akanyamaza, akawa hapokei simu. Hayo tumeyaona sana katika familia zetu huku.

Ila mkopo wa 23,000 msiusahau kwa sababu ya bati. Angalieni riba yake. Kama ni kubwa, sehemu ya marejesho iende huko, na mumeo alijue hili kabla hajataja kiasi kwa mama.

Bado kuna milango mingine ya halali ambayo kijana hakuigonga. Kampuni inayowauzia umeme au gesi huwa na punguzo lake kwa pampu za joto, sufi na wakati mwingine madirisha, na hilo halihusiani na sheria iliyokufa Desemba. Piga simu wiki hii, maana maombi huwa na muda maalumu tangu kifaa kifungwe. Madirisha yenu ya Januari, yaliyokosa kodi, ulizia hapo. Punguzo likitolewa kwa pampu, mnalitoa kwenye gharama kabla ya kukokotoa asilimia 30. Kwa upande wenu halitawaumiza, kwa sababu hata gharama ikishuka hadi 7,000, asilimia 30 yake ni 2,100, bado mko juu ya dari ya 2,000. Mnapata yote mawili.

Kuhusu huyo kijana na kampuni yake, tafuta mkataba usome kama ahadi ya dola 6,900 imeandikwa popote, au kama aliiandika kwenye karatasi aliyowaachia. Kama ipo, andikeni malalamiko kwa kampuni, na wasipojibu, kwa ofisi ya mwanasheria mkuu wa Minnesota, ambayo hupokea malalamiko ya wateja bila malipo. Hamtapata lazima pesa, lakini mlango wa jirani yenu anayefuata unaweza kunusurika. Na wasomaji wengine mjue: mkataba uliosainiwa nyumbani kwako na muuzaji aliyegonga mlango, una siku tatu za kazi za kuuvunja bila kulipa faini. Siku tatu hizo zitumie kumuuliza mtu asiyekuuzia kitu.

Nina mengine mawili kwa wanaosoma juu ya bega lako. Waliofunga pampu, sufi au madirisha mwaka 2023 au 2024 na hawakuomba nafuu, bado wanaweza kurekebisha ritani kwa Fomu 1040-X. Ya mwaka 2023 iliyopelekwa kwa wakati ina nafasi hadi Aprili 2027. Nyumba iwe ni ile unayoishi, si ya kupangisha. Na wenye kipato kidogo ambao kodi yao ni sifuri, nafuu hizi hazikuwa zenu tangu mwanzo, lakini kuna mpango wa serikali wa kuziba nyumba zinazovuja, ulioanza mwaka 1976, ambao fundi anakuja bila malipo. Uliza kwenye ofisi ya kaunti au shirika linaloshughulikia msaada wa bili za joto, ukitaja neno "Weatherization" kama lilivyo. Hapo Minnesota, aliyezidiwa na bili asingoje kukatiwa: kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30 kuna kanuni ya majira ya baridi inayowalinda wanaopiga simu na kupanga namna ya kulipa.

Mwanangu, ankara ya madirisha usiitupe. Dola 7,600 hizo zinaongezwa kwenye gharama ya nyumba yenu siku mkija kuiuza, iweke kwenye faili moja na ripoti ya mkaguzi na cheti cha pampu. Mwisho wa kupeleka ritani ni Aprili 15, hivyo muda mnao. Anza na simu ya namba ya pampu, halafu mkae na mumeo jioni ambayo wewe huna zamu.